Flashi Mbili, Ratiba Moja

Jumatatu, 6 Januari

Leo nimepewa ratiba ya shule. Si karatasi, ni kazi yenyewe. Mwalimu wa hesabu, aliyeipanga miaka kumi na tisa kwa penseli na kifutio, amestaafu na kuondoka na penseli yake. Mkuu wa shule alisimama mbele ya chumba cha walimu akauliza nani ataichukua. Watu wakakagua viatu vyao. Shule inafunguliwa Jumatatu ijayo. Madarasa kumi, walimu ishirini na wawili, maabara moja. Mwenye akili timamu hainui mkono.

Nikainua.

Nina sababu zangu. Nafasi ya mwalimu wa taaluma iko wazi, nami nina miaka kumi na minne ya jiografia bila cheo chochote ila ulezi wa klabu ya kupanda miti, yenye wanachama watatu. Halafu, anayepanga ratiba hujipangia mwenyewe. Halafu kuna mama. Alivunjika nyonga mwezi wa tisa, akapasuliwa, na sasa kila Jumatano saa nane mchana lazima awe kwenye mazoezi ya viungo. Mke wangu ni muuguzi, zamu zake hazieleweki. Wa kumpeleka ni mimi. Muhula uliopita nilikuwa na vipindi saa hiyo hiyo, nikatoroka mara nne kwa kisingizio cha jino. Mkuu ameanza kuniuliza nimebakiwa na meno mangapi.

Na kuna Mwalimu wa Kemia. Siku ya wazazi nilikuwa nawaonyesha wageni upande ambao jua huzama. Akasema kwa upole, mwenyekiti wa wazazi akisikia, kwamba ninakoonyesha ni jikoni, yaani kaskazini. Mimi, mwalimu wa jiografia! Sijasahau.

Nilimwambia Mkuu aondoe shaka, ninayo programu ya kupanga ratiba. Kweli ninayo. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi wa kompyuta mwenye kibanda nyuma ya posta. Aliniwekea kwenye kompyuta ya nyumbani mwaka juzi, nilipotaka kupanga zamu za kuosha vyombo. Watoto waligoma, programu ikabaki.

Kikwazo ni kimoja. Kompyuta ya chumba cha walimu haikubali programu mpya bila nenosiri, na nenosiri liko kichwani mwa msimamizi wa kompyuta, na kichwa hicho kiko likizo hadi mwisho wa mwezi. Lakini nina flashi. Nitaitia programu kwenye flashi, niibebe mfukoni, niifungulie shuleni. Nani atanizuia?

Jumanne, 7 Januari

Kitu kimenizuia. Sijui ni nini.

Asubuhi nilinakili programu kwenye flashi. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nikajipongeza. Nikafika shuleni, nikachomeka, nikaiona pale kwenye kioo na kipicha chake cha kalenda ya kijani. Nikabofya mbele ya Mkuu. Kompyuta ikasema kitu ninachokitafuta hakipo.

Kipo! Nakiona! Nikabofya tena. Hakipo. Nikageuza flashi juu chini, nikachomeka tena. Hakipo. Mkuu akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia mashine inahitaji kupoa. Akaigusa. Ilikuwa baridi, maana nilikuwa nimeiwasha dakika mbili kabla.

Nikaenda kwa shemeji. Alicheka mpaka mteja wake akaweka simu chini asikilize. Alisema sikunakili programu, nilinakili kipicha cha kuifungulia tu. Kwa maneno yake, nimebeba kibao cha mlangoni nikaacha nyumba. Tena nyumba yenyewe haibebeki, kwa sababu imejengewa ndani ya kompyuta ile na nguzo zake zimetawanyika kila mahali. Ninachohitaji ni programu ya aina nyingine, inayoishi yote ndani ya flashi bila kusakinishwa popote. Kama hema, akasema. Unafika, unasimamisha, ukimaliza unakunja.

Nyumba, kibao, nguzo, hema. Nilitoka pale nikiwa sijui kama nimekwenda kwa fundi wa kompyuta au kwa mjenzi.

Jumatano, 8 Januari

Hema limefika. Flashi nyeusi yenye kifuniko, shemeji alikuwa nazo tele kwenye kopo. Masharti matatu: fungulia programu humo humo ndani ya flashi, hifadhi kazi humo humo ndani ya flashi, na kabla hujaichomoa iage kompyuta kwanza. Nikamuuliza kuaga maana yake nini. Akanionyesha pa kubofya. Adabu gani hiyo ya mashine, sijui.

Saa nane nilimpeleka mama mazoezini. Mtaalamu wa viungo ni mwanamama mfupi mwenye mikono kama koleo. Alimwinua mama, akamsimamisha katikati ya vyuma viwili, akamwambia apige hatua. Mama akapiga mbili, akatokwa jasho. Mtaalamu akanivuta pembeni. Akasema mguu ule ukikosa hata wiki mbili mfululizo utakaza, na ukikaza sasa, hautalegea tena. Aliniangalia mimi, si mguu.

Nyumbani nikachomeka flashi kwenye kompyuta yetu. Kompyuta ikaiita E. Programu ikafunguka kama kawaida. Nikaandika kanuni zangu. Mimi: Jumatano mchana huru. Mimi: vipindi vyote asubuhi. Mimi: Ijumaa nimalize saa nne. Mwalimu wa Kemia: Kidato cha Tatu B kila siku baada ya chakula, wakiwa wameshiba na hawasikii. Mwalimu wa Kemia: Ijumaa kipindi cha mwisho, mwaka mzima. Nikahifadhi kwenye E. Faili inahitaji jina. Nikaiita KEMIA ATAKOMA. Nani atakayeliona?

Halafu nikajiuliza, programu hii hasa iko wapi? Ndani ya flashi au ndani ya kompyuta? Nikaichomoa ikiwa inafanya kazi, nione. Kioo kikaganda. Mke wangu akauliza nafanya nini. Nikamwambia ni utafiti. Nilipoichomeka tena, nusu ya madarasa ilikuwa imepotea na nikayaandika upya. Kwa hiyo iko ndani ya flashi. Nadhani.

Alhamisi, 9 Januari

Siku ya ushindi!

Programu imefunguka kwenye kompyuta ya chumba cha walimu bila nenosiri la mtu yeyote. Walimu wakanizunguka. Nimeitia flashi kamba, naivaa shingoni kama filimbi ya mwamuzi. Kutwa nzima watu walipanga foleni wakinieleza shida zao, nami nikaziandika. Mwalimu wa historia hataki ghorofani, magoti. Mwalimu wa kiingereza hataki kufuatana na mwalimu wa muziki, sababu hakuitaja. Mpaka chai nililetewa.

Mwalimu wa Kemia alikuja mwisho. Kabla yangu alikuwa akichapa orodha ya chupa za maabara kwenye kompyuta ile ile, na flashi yake ilikuwa bado imechomekwa kando ya yangu, nyeusi yenye kifuniko vilevile. Naye kumbe ni mteja wa shemeji. Aliomba Jumatano mchana awe maabara, kwa sababu ndiyo saa pekee ambayo maji hupanda hadi kule. Nikamjibu kwamba mimi siamui, mashine ndiyo inayoamua. Akaitazama mashine, akanitazama mimi, akashukuru.

Kila nilipohifadhi, kompyuta iliniuliza wapi. Nikachagua E, kama nyumbani. Jioni nikaichomoa flashi yangu, naye yake, tukaagana.

Ijumaa, 10 Januari

Sielewi.

Nimefungua ratiba nyumbani na kazi yote ya jana haimo. Magoti ya mwalimu wa historia hayamo. Muziki haumo. Kilichomo ni ratiba ya Jumatano, kama vile Alhamisi haikuwahi kuwapo. Nilimuuliza mke wangu kama ameigusa flashi. Akasema ana mambo mengine ya kugusa. Niliwauliza watoto. Nilimuuliza mama, ambaye hajawahi kuwasha hata redio yetu.

Shemeji alinisikiliza kwenye simu, kisha akaniuliza nilihifadhi wapi. E, nikasema. Akauliza kama kulikuwa na flashi nyingine imechomekwa. Ilikuwapo. Akavuta pumzi. Alisema E si jina la flashi yangu. E ni kama namba ya kiti: anayefika kwanza hukikalia. Nyumbani mimi hufika kwanza. Shuleni alikuwa amefika mwingine, mimi nikapewa F.

Ilinichukua muda. Nikachora viti kwenye karatasi. Ndipo nikaelewa. Ratiba yangu, na kanuni zangu zote, imo ndani ya flashi ya Mwalimu wa Kemia.

Nikajifariji kwamba hawezi kuifungua. Yeye ana ratiba bila programu, mimi nina programu bila ratiba.

Simu ikalia. Ni yeye. Alisema amekuta faili asiyoitambua kwenye flashi yake. Amejaribu kuifungua, haifunguki, ila jina linasomeka vizuri. Alitaka kujua jambo dogo tu: litakalokoma ni somo la kemia, au ni mwalimu wake?

Nikasema ni virusi. Vibaya sana, vimeenea, huja na majina ya ajabu. Asiguse chochote, kesho nitapita kwake niisafishe. Akasema karibu sana.

Jumamosi, 11 Januari

Mpango: niingie, niichukue flashi yake, nifute, nitoke. Dakika tano. Nilibeba pakiti ya biskuti ili nionekane mtu wa kawaida.

Anaishi ghorofa ya pili. Mumewe alikuwa ameketi sakafuni akitengeneza pasi, vipande vimetandazwa juu ya gazeti. Akanisalimu akarudi kwenye skrubu zake. Kompyuta ilikuwa tayari mezani, imewashwa, flashi yake imechomekwa. Mwalimu wa Kemia akanyoosha mkono. Alisema nimpe ya kwangu, ili tuviangalie hivyo virusi pamoja.

Sikuwa na mpango wa pili. Nikaivua shingoni.

Akafungua programu kutoka kwenye flashi yangu, akafungua faili kutoka kwenye yake, kwa mibofyo mitatu, mtu ambaye hajawahi kuiona programu hiyo maishani. Kanuni zikajitokeza moja baada ya nyingine. Akazisoma kwa sauti ileile anayosomea majina ya wanafunzi asubuhi. Tatu B baada ya chakula. Ijumaa kipindi cha mwisho. Mwaka mzima. Mumewe aliacha kukaza skrubu. Nikala biskuti nilizoleta mwenyewe.

Nilingoja anifukuze. Badala yake akaweka kidole kwenye kioo na kuniuliza kwa nini Jumatano mchana yangu imefungwa kwa alama nyekundu kuliko zote. Nilikuwa na jino tayari mdomoni. Sijui kwa nini halikutoka. Nikamweleza. Nyonga, vyuma viwili, hatua mbili, mguu kukaza.

Akaondoa kidole kwenye kioo. Kisha akasema, "Ungesema."

"Nilidhani utakataa."

"Nikatae mguu wa mama yako? Ili nipate nini?"

Nikamsogezea pakiti ya biskuti.

Akaanza kupanga. Jumatano saa nane kuna mwalimu mmoja tu anayeweza kuingia Kidato cha Pili badala yangu, naye ni yeye. Akiingia huko hawezi kuwa maabara. Nikamkumbusha maji. Akasema watayakinga kwenye ndoo Jumatano na kufanya majaribio Alhamisi, si mara ya kwanza. Alichoomba ni kimoja: Ijumaa kipindi cha mwisho tupeane zamu, muhula huu mimi, ujao yeye. Magoti yakapata chumba cha chini. Muziki ukahamishwa mbali na kiingereza. Ratiba nzima ikakaa bila mgongano hata mmoja. Akaihifadhi kwenye flashi yangu na kwenye yake, akaibadilisha jina ikawa RATIBA, akaziaga zote mbili kabla ya kuzichomoa.

Mlangoni mumewe alinishika mkono akasema nimsalimie mama.

Jumapili, 12 Januari

Nimelala vibaya. Mtu hawi mwema hivyo bure. Anautaka ualimu wa taaluma, hilo liko wazi. Atamwambia Mkuu kwamba ratiba ameipanga yeye. Na ile Ijumaa! Mwanzoni haikunikaa vizuri, sasa inaniuma kabisa. Muhula mzima nitafundisha mito na maziwa huku shule nzima ikifunga mabegi.

Mama aliniuliza mbona nimekunja uso. Nilimweleza kuhusu Mwalimu wa Kemia. Akasema huyo ni mtu wa kushikwa kwa mikono miwili. Mke wangu akasema niizime kompyuta nikae nayo mbali. Hakuna anayeona mambo kwa undani katika nyumba hii.

Nikafungua RATIBA. Nikahamisha kitu kimoja tu, kile kipindi changu cha Ijumaa, nikakipeleka Jumatatu asubuhi. Miraba miwili ikawa myekundu. Nikahamisha hiyo miwili. Ikawa sita. Nikairudisha nilipoitoa, au nilipodhani niliitoa. Kumi na nne. Kufika saa sita mchana kioo kilikuwa chekundu chote, migongano thelathini na moja, na mimi sikumbuki tena nilianzia wapi.

Kisha nikaona kitufe chini kabisa: Tatua Yote.

Nikabofya. Wekundu wote ukatoweka! Mgongano hata mmoja haukubaki! Muda wote huu kitufe kilikuwapo na hakuna aliyeniambia. Sikukagua. Kuna haja gani ya kukagua kitu ambacho hakina kosa? Nikahifadhi kwenye E. Nikahakikisha ni E ya nyumbani. Nikaiaga kompyuta kwa heshima zote.

Jumatatu, 13 Januari

Nilichapa asubuhi na mapema, nikabandika ukutani mwenyewe, nikasimama kando nikingoja pongezi.

Kengele ya kwanza. Kidato cha Tatu B wakaingia maabara kwa jiografia, vipindi vitano mfululizo. Kidato cha Nne wakaningoja mimi. Kidato cha Kwanza nao wakaningoja mimi. Mwalimu wa muziki alipangiwa chumba kimoja na mwalimu wa kiingereza, saa ile ile, na nikajua sasa sababu ambayo hakuitaja. Mwalimu wa historia alipandishwa ghorofa ya juu kabisa. Mkuu alijikuta amepangiwa michezo. Akatokea uwanjani na viatu vya visigino, wanafunzi arobaini wakisubiri mpira.

Jumatano mchana nilikuwa na vipindi vitatu. Nilisoma mstari huo mara mbili. Kitufe kile kilitatua migongano yote kwa kufuta kanuni zote. Zote, na ya mama ikiwamo.

Chumba cha walimu kikajaa. Kila mtu akisema, hakuna anayesikika. Mkuu akaingia na vumbi la uwanja kwenye visigino, akasimama mbele yangu. Nilifungua mdomo. Hakukuwa na jino wala mashine ya kupoza, palikuwa patupu.

Mwalimu wa Kemia akapita katikati ya watu, ameshika flashi yake. "Nipe programu," akasema.

Nikampa. Akachomeka zote mbili, ya kwangu ya programu, ya kwake ya ratiba ya Jumamosi. Dakika kumi baadaye karatasi mpya ilikuwa ukutani na korido zilikuwa tupu. Mkuu akauliza kilitokea nini. Nikamsikia Mwalimu wa Kemia akijibu kwamba kulikuwa na nakala mbili, ikachapwa isiyo yenyewe.

Si uongo. Lakini si kweli pia. Ni kitu gani? Nimeliwaza jibu hilo kutwa. Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja, naye sentensi hiyo alikuwa nayo, tena kwa maandishi. Hakuitumia. Sielewi. Sielewi kabisa.

Jumanne, 14 Januari

Mwalimu wa Kemia ametangazwa kuwa mwalimu wa taaluma. Walimu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, mikono ilitangulia. Ameomba niendelee na ratiba, yeye akiikagua kabla haijachapwa.

Nimepata jibu la swali la jana. Alipanga yote haya. Alijua nitakibofya kile kitufe.

Jumatano, 15 Januari

Saa saba na nusu nilitoka shuleni kwa mlango mkubwa, kichwa juu. Nilipopita Kidato cha Pili nilimwona Mwalimu wa Kemia dirishani akiandika ubaoni, na ndoo sita zimepangwa kwenye korido ya maabara chini ya bomba.

Mama alipiga hatua kumi na moja. Nilizihesabu kwa midomo. Ya saba alisita, mtaalamu akanizuia nisimshike, mama akavuta pumzi akaendelea mpaka mwisho wa vyuma, akageuka akanitazama kama mtu aliyevuka mto. Nilijifanya nina kitu jichoni. Kwenye teksi aliniuliza kama nimemshukuru yule mwalimu. Nikasema bado natafuta maneno. Akasema neno ni moja tu.

Nitamshukuru. Ila leo nimepata jambo la haraka.

Wakati mama anafungwa viatu, mtaalamu wa viungo alikuwa akipekua daftari lake la zamu za wagonjwa, limejaa mistari na mishale, anaguna. Watu wawili wameandikwa saa ile ile, vyuma ni seti moja. Kuna mzee mmoja wa kofia ambaye hutangulia mama na huning'inia pale mpaka nusu saa yetu inaliwa, anasimulia habari za magoti yake tangu ujana. Nikamwambia mtaalamu asihangaike na daftari. Nikavua flashi shingoni. Nikamweleza kwamba haihitaji kusakinishwa, ni kama hema. Alifurahi mno. Amenipa orodha nzima ya wagonjwa.

Nimeanza leo leo. Mama nimempa saa nne asubuhi, saa ambayo mtaalamu bado ana nguvu. Kwamba nina vipindi saa nne nitaliangalia baadaye, mwalimu wa taaluma ni mwelewa.

Mzee wa kofia nimempangia saa kumi na mbili asubuhi. Kliniki hufunguliwa saa mbili.